Mazuku kwenye viwanja vya kando ya ziwa

Mhariri,

Anayenunua kiwanja Himbi au Keshero, mitaa ya hapa Goma, huuliza bei, ukuta na mandhari ya Ziwa Kivu. Kuhusu mazuku haulizi. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za miamba ya volkano. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa karibu mara 1.5, kwa hiyo hulala bondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia.

Msijenge chumba chini ya ardhi. Inueni sakafu juu ya uwanja, na ukuta wa uzio uachiwe matundu chini kabisa, upande wa mteremko. Ukuta mzima hugeuza ua kuwa beseni. Bwawa la kuogelea lisilo na maji (fahari ya majumba mengi!) ni mtego vilevile. Ukikuta mijusi na ndege wamekufa humo, usishuke.

Wengine hupima kwa mshumaa. Ukizimika, kimbia; lakini ukiendelea kuwaka haimaanishi salama, kwani gesi humzimisha mtu fahamu kabla haijazima moto. Aliyeanguka shimoni avutwe kwa kamba kutoka juu. Anayemfuata huanguka pia.

Msomaji, Goma