Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: kimo, jua na maji

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na orodha ya ada katibu ameshaigawa. Mimi nitabaki kwenye picha zenyewe tunazopiga kwa droni, maana ndizo zilizotukusanya.

Kamati imepitia picha zilizoletwa mwaka huu kutoka Mtwara, Mikindani, Lindi, Newala na Kilwa. Ubora umepanda. Wengi sasa mnapiga faili ghafi (RAW) badala ya kutegemea JPEG pekee, yaani picha ambayo kamera imeshaichakata na kuibana, mstari wa upeo wa macho umenyooka, na rangi hazikolezwi tena mpaka bahari ikafanana na rangi ya mlango. Tatizo kubwa lililobaki ni moja: tunarusha juu mno.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kuinua droni. Lenzi ya droni nyingi tulizo nazo ni sawa na milimita 24 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35. Kamera ikitazama chini wima, upana wa ardhi unaoingia kwenye picha ni karibu mara moja na nusu ya kimo. Ukiwa mita 120, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha sheria, unashika kama mita 180. Ngalawa ya mita 6 inakuwa sehemu moja ya 30 ya upana huo, yaani nukta. Shuka mpaka mita 30: unashika mita 45, na ngalawa ileile inaonekana na mirengu yake, nyavu zilizokunjwa na kivuli cha tanga juu ya maji. Picha nyingi ambazo kamati ilizitenga kuwa bora zilipigwa kati ya mita 20 na 60. Kimo kikubwa kina kazi yake, hasa kuonyesha umbo la ghuba ya Mikindani au mikono ya maingilio ya Ruvuma, lakini hapo pia pawe na kitu ambacho jicho linakijua ukubwa wake.

Walio Newala wakumbuke kwamba droni hupima kimo kuanzia ilipopaa, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ukirusha kutoka ukingoni mwa Shimo la Mungu na kwenda mbele, skrini itasema mita 30 wakati bonde liko mbali sana chini, na sheria inahesabu kutoka ardhini. Ukishuka chini ya usawa wa ukingo, mwamba unakata mawasiliano ya rimoti. Usishuke hadi droni isiweze kuonekana kwa macho.

Sasa maji, ambako tulipoteza picha nyingi nzuri. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, pwani yetu hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na huo ndio muda wa miamba, mikondo ya mchanga na mashamba ya mwani kuonekana. Bahati mbaya jua nalo limeshapanda, na mng'ao wake unaacha doa jeupe katikati ya picha. Sababu ni rahisi: doa hilo hukaa upande jua liliko, kwa pembe ileile ambayo jua limeachana na utosi. Kamera inayotazama chini wima huona kama nyuzi 36 kila upande kwa urefu wa fremu, na kama nyuzi 28 kwa ufupi wake. Kwa hiyo zungusheni droni mpaka jua liwe upande wa juu au wa chini wa fremu, lisiwe kushoto wala kulia. Mara nyingi hilo pekee linatosha kulitoa doa nje. Lisipotoka, inamisheni kamera nyuzi 10 hadi 15 kwa kuligeuzia jua mgongo. Dawa bora zaidi ni kufika mapema. Saa 2 na nusu maji bado yanatoka, mifereji inachora, na jua liko chini kiasi cha kutosha. Karibu na tarehe 20 Oktoba na 21 Februari jua la mchana linapita utosini kwetu. Siku hizo kuanzia saa 5 mpaka saa 8 acheni bahari, kapigeni kingine.

Filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, imenunuliwa na wengi na kulaumiwa na wengi. Haina kosa. Kamera ikitazama chini wima haifanyi kazi yoyote ya maana, kwa sababu mwanga unaorudi moja kwa moja kutoka majini haujachujika. Nguvu yake iko pale kamera inapoelekea kama nyuzi 37 chini ya upeo wa macho. Izungushwe ardhini kabla ya kupaa, ukiielekeza kamera upande utakaopiga, kwa sababu ukishageuza droni angani mpangilio unaharibika.

Kuhusu mwangaza: fremu yenye bahari nyingi nyeusi na ukanda mwembamba wa mchanga mweupe huidanganya kamera. Inaona giza, inaongeza mwanga, mchanga unaungua. Punguzeni theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwangaza), tazameni histogramu, yaani mchoro wa mwanga wa picha, isigonge ukuta wa kulia, kisha fungeni mwangaza usibadilike kabla ya kupiga mfululizo. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ibaki 100. Kwa mashua yenye tanga au watu wanaotembea, shata isiwe ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde.

Mada tatu zilitupa picha za kupendeza kuliko Boma la Mikindani linalopigwa na kila mgeni. Ya kwanza ni mashamba ya chumvi. Rangi ya kila bwawa hubadilika kadiri maji yanavyokolea, na kingo za udongo zinatoa mistari bila kazi ya ziada. Pigeni jua likiwa chini, kingo zitupe vivuli. Ya pili ni mikorosho. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 linakupa, ukiwa mita 40, miti kama mitano kwa minne katika fremu, na hicho ni kipimo kizuri: mpangilio unaonekana na kila mti una sura yake. Ya tatu ni upuliziaji wa unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wakulima hupuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na vumbi likiwa kati ya kamera na jua linawaka kama moshi wa dhahabu. Simameni upande upepo unakotokea na msiingize droni ndani ya vumbi. Salfa inaingia kwenye mota na kuganda kwenye lenzi.

Kwa Kilwa Kisiwani, ambako magofu yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, kuba za Msikiti Mkuu na birika la pembe nane la jumba la kale la Husuni Kubwa vinataka kamera wima na kimo cha mita 15 hadi 25. Umbo la birika halisomeki kutoka pembeni. Ombeni kibali cha wasimamizi wa magofu kwanza, tena kwa maandishi.

Ajali. Chanzo kikuu ni kusi, upepo wa kusini. Droni yenye uwezo wa mita 15 kwa sekunde, ikisukumwa na upepo wa mita 10, inakwenda kilomita moja kwa sekunde 40. Kurudi dhidi ya upepo huohuo ni sekunde 200, na betri inaliwa kwa kasi zaidi. Basi anzeni kwenda unakotoka upepo, mrudi mkisukumwa. Juu ya bahari geukeni betri ikiwa asilimia 40, nchi kavu asilimia 30. Kati ya Juni na Septemba asubuhi ndiyo saa ya kazi. Alasiri upepo wa bahari unajumlika na kusi.

Chanzo cha pili ni kurusha kutoka kwenye mashua. Droni hukumbuka mahali ilipopaa, si mashua. Mawasiliano yakikatika inarudi palepale, na mashua imeshachukuliwa na mkondo, hivyo inatua majini kwa adabu zote. Sasisheni sehemu ya kurudia kila dakika chache, au rusheni kutoka ufukweni. Msishuke chini ya mita 5 juu ya maji pia, maana vihisi vya tumboni vinachanganywa na mawimbi na mng'ao. Kimo ambacho droni hutumia kurudi yenyewe kipite minazi na minara iliyo karibu. Minazi mirefu hufika mita 30, minara huzidi. Mwewe akikujia, panda juu wima, yeye hapandi haraka hivyo.

Utunzaji kwa ufupi: futeni chumvi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kisha kikavu, siku ileile, paisheni kutoka kwenye mkeka, si mchangani, propela yenye mkwaruzo ukingoni itupwe, betri zihifadhiwe zikiwa asilimia 40 hadi 60, zisiachwe zimejaa ndani ya gari juani.

Vibali. Kila droni isajiliwe TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa kiwepo kabla ya kazi. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hivyo ruhusa ya hifadhi ni lazima. Bandari, viwanja vya ndege vya Mtwara na Kikwetu (Lindi), mitambo ya gesi ya Madimba na mpaka wa Ruvuma si mahali pa kujaribia bahati. Kwa akina mama wa mwani na watu wengine wanaotambulika, ombeni kwanza, waonyesheni skrini, na kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura baada ya taarifa ya fedha. Kwanza, kila picha itakayoletwa mwaka ujao iambatane na kimo, saa, pembe ya kamera na hali ya maji, ili mwingine aweze kujifunza kutoka kwayo. Pili, picha zilizopigwa juu ya mita 80 zishindanishwe peke yake, zisichanganywe na nyingine. Wanaotaka kuagiza kwa pamoja filta na mikeka ya kupaishia wajiandikishe kwa katibu leo, wakitaja aina ya droni, kwa sababu filta za aina moja hazikai kwenye nyingine.