Mwanangu, uso umeuficha ila bangili je?

Mwanangu,

Klipu uliyonituma ya filamu yako ya watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono nimeiangalia wadogo zako wakiwa wameshalala. Hongera, kazi hiyo si ya kila mtu. Ila nisikilize. Yule binti uso umemfifisha vizuri tu, lakini mkono wenye bangili umeuacha, sauti ni ileile, na nyuma yake lile pazia jirani yeyote akiliona anajua hapo ni kwa nani. Wenzake wa shule watamtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Maneno yake mpe mtu mwingine ayasome, picha weka za kuchora, uzito haupungui hata kidogo.

Halafu hilo swali lako la "ikawaje siku ile", la nini? Unamrudisha mtoto kulekule huku taa zinammulika machoni. Mtu aliyepata mshtuko kumbukumbu zake haziji kwa mpangilio, anarukaruka, siku anaisahau ila harufu anaikumbuka, sasa ukimbana atajichanganya na watu watasema muongo. Muulize ya baada ya pale: alimwambia nani kwanza, na huyo akasema nini. Hapo ndo penye filamu mwanangu, maana mara nyingi aliyefanya ni mtu anayemjua, ndugu, jirani, mwalimu, na kinachofuata ni vikao vya kuyamaliza kimyakimya wakati saa zinayoyoma, dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya siku 5, na mapema ndo bora. Hizo namba ziweke kwenye skrini, kuna mtu ataangalia akiwa bado yuko ndani ya hizo saa.

Na wavulana wako wapi? Nimeona wasichana tu, wakati wavulana nao wanalawitiwa na wanakaa kimya kuliko hata hao.

Fomu ya ridhaa aliyosaini mzazi mimi hainitoshi (saa zingine mzazi ndo anamficha mkosaji). Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12 kinasema maoni ya mtoto yasikilizwe, cha 16 kinalinda faragha yake. Kwa hiyo mwonyeshe mwenyewe hicho kipande kikishaeditiwa, ndo umuulize tena, akisema toa unatoa, hata kama ndo kipande unachokipenda kuliko vyote, na najua utanuna. Ikishaingia mtandaoni haitoki, atakuja kutafuta kazi, kuolewa, bado ipo.

Na wewe je, unalala? Juzi kwenye simu ulikuwa unanijibu neno mojamoja. Kusikiliza hayo mambo kutwa nzima kunaumiza na msikilizaji, tafuta mtu wa kuongea naye, tena asiwe mimi maana mimi nitalia tu. Baba yako anauliza kama kila mnaporekodi kuna mshauri nasaha amekaa karibu na mtoto, nimemwambia nitakuuliza, basi nijibu.

Mama yako