Gharama za mazingira zionekane kwenye hesabu za viwanda

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya hapa Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na kwa kufanya hivyo ilijifunga kuwaeleza wawekezaji fedha hizo zimefanya nini. Naomba nafasi niulize: viwanda vinavyotumia maji na hewa ya mji huu huu vinamweleza nani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka tathmini na ukaguzi wa mazingira chini ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na sina ugomvi nayo. Kasoro naiona kwenye leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu. Nimetunza vitabu vya viwanda kwa miaka mingi, na najua gharama hizi hufichwa wapi, mara nyingi bila nia mbaya: mifuko ya kuchujia vumbi huandikwa "matengenezo", gari la taka huandikwa "usafirishaji", na faini, ikitokea, hutumbukizwa kwenye "gharama nyinginezo" pamoja na chai ya wageni. Mwaka ukifungwa, hata mkurugenzi hawezi kusema vumbi limemgharimu shilingi ngapi, na gharama isiyoonekana hakuna anayehangaika kuipunguza.

Wapo wanaodai kwamba kazi ya kupima uchafuzi na gharama zake inahitaji mitambo na wataalamu wa kigeni. Si lazima. Tani moja ya mawe safi ya chokaa ikichomwa sawasawa hutoa takriban kilo 440 za hewa ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, kabla ya kuhesabu moshi wa makaa. Kwa hiyo mhasibu wa kiwanda cha chokaa au saruji, akiwa na daftari la mizani tu, anaweza kupiga sehemu kubwa ya hesabu ya hewa ukaa kwa kikokotoo chake. Hali kadhalika machimbo: kampuni inayobanwa kisheria kurejesha ardhi inatakiwa na kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 37 kuandika deni hilo mapema, si siku ya kufunga lango.

Viwango vipya vya kimataifa vya taarifa za uendelevu vilivyotolewa Juni 2023 ni hatua njema, ila vimeandikwa kwa ajili ya mwenye mtaji, si kwa jirani wa kiwanda. Ndiyo maana napendekeza viwanda vikubwa vitenge fungu la mazingira kwenye leja, kisha kila mwaka vibandike katika ofisi ya serikali ya mtaa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye kiasi cha maji yaliyotumika, taka zilizotupwa, fedha zilizotumika kudhibiti vumbi na faini zilizolipwa. Wenye vinu vidogo vya mafuta na sabuni waachwe kwanza.

Mhasibu mstaafu,
Chumbageni, Tanga