Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama, na wazee wetu walezi mliofika,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya chama chetu cha hip hop hapa Arusha nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: tulipanga vilinge 10, yaani mikusanyiko yetu ya kuchana (kurap), tukafanya 8, tulishiriki misiba miwili ya wenzetu, na darasa la uandishi wa mistari lilikwenda wiki 6 badala ya 12. Sitakaa hapo.

Niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililojaza ukumbi leo, maana mkutano wa Juni tulikuwa watu 9. Ni lile azimio la Machi kwamba kwenye kilinge chetu tuchane kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza kikae benchi. Mtaani inasemwa ni uamuzi wa mwenyekiti peke yake. Si kweli. Kamati ilikaa, akidi ilitimia kwa kumhesabu mjumbe mmoja aliyekuwa kwenye simu, na muhtasari upo. Hoja ilikuwa yangu, hilo silikatai.

Wanaosema hip hop ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973 kwa hiyo iende na lugha yake, wakumbuke sisi tulivyoipokea. Kaseti zilikuwa za wachache wenye ndugu wa kuwaletea. Wengine tulikariri milio tu. Mimi mwenyewe nilichana mwaka mzima wimbo ambao baadaye mjomba alinitafsiria: matusi matupu, na nilikuwa nauimba mbele ya mama nikiosha vyombo. Kisha mwaka 1991 mchanaji wetu wa Tanzania, Saleh Jabir, akaichukua biti (mdundo) ya Mmarekani Vanilla Ice akaiwekea maneno ya Kiswahili. Hapo wazazi wakaanza kusikiliza, hata kama ni kwa kugomba. Kwanza Unit, kundi lililoundwa mwaka 1993, walichana sana Kiingereza mwanzoni, nao wakasogea kwenye Kiswahili.

Mwaka 2001 mchanaji Professor Jay alipotoa wimbo "Ndio Mzee", yule mwanasiasa wa ahadi za ajabu aliyemo ndani yake alieleweka sokoni, kijiweni na ndani ya daladala bila mkalimani. Kwa Kiingereza angebaki chumbani kwa mtu mwenye kamusi. Mchanaji mwenzake Sugu alipochaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay wa Mikumi mwaka 2015, wananchi walikuwa wamewasikia kwa miaka mingi kwa lugha wanayogombania nayo bei ya nyanya. Sisemi mistari pekee iliwapa ubunge. Nasema kijana wa michano, aliyeitwa muhuni, alifika mahali akaaminiwa kura.

Na hapa hapa Arusha, kundi la X Plastaz hawakuazima lafudhi ya New York. Mwenzao Merege alighani Kimaasai juu ya biti, na albamu yao ya 2004 ikaitwa Maasai Hip Hop. Ndiyo maana azimio liliacha mlango wa lugha za nyumbani wazi. Ndugu yetu anayechana Kiswahili cha Lubumbashi naye hakuguswa, ingawa kuna waliotaka tumkosoe sarufi. Nilikataa.

Kuna mwanachama aliyeuliza mbona neno "hip hop" lenyewe si Kiswahili. Nilimjibu kwamba hata shati alilovaa, jina lake halikuota Monduli. Ile faini ya shilingi 1,000 kwa kila "yo" nimeifuta. Lilikuwa wazo la katibu mwenezi, si langu.

Wenzetu waongoza watalii wana hoja ya haki. Wageni walipunguza kufika, na kikapu cha michango cha jukwaani kilichopata shilingi 310,000 mwaka 2023 kimepata 85,000. Nakiri. Lakini waliopanda kuchana kwa mara ya kwanza maishani ni 17, wakiwemo wasichana 5, na bibi mmoja kutoka Kaloleni aliyeghani bei ya maharage mpaka wachanaji wetu wakongwe wakanyamaza. Mwaka 2023 waliojitokeza walikuwa 4. Atakayeniambia hiyo ni hasara anieleze kwanza chama hiki tulikianzisha kwa ajili ya kikapu au kwa ajili ya nani.

Fedha. Kwenye rejesta tupo 64. Waliolipa ada ya 24,000 ni 23, yaani 552,000. Pamoja na kikapu, 637,000. Spika za kukodi 480,000, rambirambi 100,000, maiki mpya 45,000. Salio 12,000. Waliopinga azimio kwa sauti kubwa kuliko wote, nimepitia daftari mara mbili na majina yao kwenye safu ya malipo sikuyaona. Sitawataja, wanajijua, na wengine wamekaa mstari wa mbele. Kuhudhuria pia: ukisema kilinge kimekufa, angalau uwe ulikuja kukizika.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuongea na shule moja au mbili za sekondari kuhusu darasa la mistari, na Mungu akijalia kurekodi kitu cha pamoja. Suala la Kiingereza linaweza kujadiliwa tena na wanachama hai, yaani waliolipa.

Mwisho, umeme ulipokatika kwenye vilinge vitatu mlitumia jenereta yangu na mafuta yangu, sikudai senti. Bado ipo kwa katibu mwenezi. Naomba irudi kabla ya Jumamosi.

Mwenyekiti