Angkor haikuwa hekalu peke yake

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu Angkor, mji wa kale wa Kambodia, ile ya ukurasa mzima yenye picha ya minara mitano, nimeisoma na kuirudia kwa sababu ya mambo mawili. Kwanza mliandika kwamba mji ule uligunduliwa na Mfaransa Henri Mouhot mwaka 1860. Pili, mwishoni kabisa, mkasema huku kwetu Katanga hatuna cha kuweka kando yake, kwa kuwa wafalme wetu walijenga kwa miti na nyasi. Mimi nilikuwa jeometre, nimepima ardhi hapa Lubumbashi na vijiji vyake tangu ujana hadi pensheni. Siwezi kunyamaza.

Habari ya Mouhot haihitaji maneno mengi. Alipofika, watawa wa Kibudha walikuwa wanaishi na kusali pale kwenye hekalu la Angkor Wat. Mreno António da Madalena alikwisha kupaona mwaka 1586, na mwaka 1632 hujaji kutoka Japani aliandika kwa wino kwenye nguzo ya hekalu. Mahali panaposaliwa kila siku hapangoji mgeni aje kupagundua.

Hilo la miti na nyasi ndilo linaloniuma. Wakhmer wenyewe, watu waliojenga Angkor, walilala wapi? Zhou Daguan, aliyefika na ujumbe wa China mwaka 1296 na kukaa karibu mwaka mzima, ameeleza vizuri: raia wa kawaida aliezeka nyasi tu, na hakuthubutu kuweka hata kigae kimoja. Nyumba ya mfalme nayo ilikuwa ya mbao. Mawe yalitengwa kwa ajili ya miungu. Zhou anasema pia kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wanawake, waliotandika mikeka chini na kuuza tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mama yeyote wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, angejiona humo. Basi mtalii wa leo anaona mahekalu, lakini mji wenyewe, wenye jikoni na soko na watoto, ulikwisha kuliwa na mchwa na mvua karne nyingi zilizopita.

Tena haukuwa mji mmoja, na hapa makala yenu ilipita mbio mno. Kabla ya Angkor kulikuwa na Isanapura, mji wa mfalme Isanavarman wa karne ya 7, uliojengwa mahekalu ya matofali. Siku hizi panaitwa Sambor Prei Kuk. Mwaka 802 Jayavarman II alijitangaza mfalme wa wafalme juu ya mlima Phnom Kulen, na mji wake wa huko uliitwa Mahendraparvata. Baadaye alishuka uwandani, Hariharalaya, akafia huko. Indravarman I akajenga hapo hekalu la Bakong, lililowekwa wakfu mwaka 881. Mwanawe Yasovarman hakubaki kwa baba: alihama, akaweka hekalu lake juu ya kilima cha Bakheng na kuuzungushia mji mpya, Yasodharapura. Huo ndio tunaouita Angkor. Mwaka 928 Jayavarman IV alikuwa anatawala kutoka Koh Ker, mbali kaskazini-mashariki, na akainua huko piramidi ya mita 36 hivi. Mwaka 944 Rajendravarman akarudisha kiti Yasodharapura. Angkor Wat yenyewe, kazi ya Suryavarman II, ni ya karne ya 12, wakati ufalme umekwisha kuwa mzee. Wacham, majirani wa upande wa mashariki, wakaushambulia mji mwaka 1177. Jayavarman VII, aliyetawazwa 1181, akauinua tena kwa jina la Angkor Thom, ukuta wa kilomita tatu kila upande, na maandishi ya hekalu la Ta Prohm yanataja hospitali 102 katika ufalme wake. Baada ya jeshi la Ayutthaya, ufalme wa Wathai, kuuteka mji mwaka 1431, ikulu ilielekea kusini: Phnom Penh, kisha Longvek, kisha Oudong.

Kila mfalme mwenye nguvu alitaka hekalu lake katikati ya mji wake. Mluba akisikia hivyo hashangai. Mulopwe, yaani mfalme wa Waluba, alipotawazwa alianzisha makao yake mapya. Alipofariki, makao yale yakawa kitenta, mahali pa roho yake, na mwanamke aliyeitwa mwadi akaendelea kumsemea pale, na watu wake na heshima yake. Walunda nao walihamisha musumba, makao ya mfalme wao. Kwa nini Yasovarman akihama tunasema ameanzisha mji mkuu, na Mulopwe akihama tunasema hakuwa na mji?

Niruhusu sasa niseme kama mtu wa kazi. Mimi minara hainishtui sana. Kinachonishangaza ni Baray ya Magharibi, ziwa la kutengenezwa, kilomita 8 kwa 2.1. Wengi hudhani ni shimo lililochimbwa. Hapana, sehemu kubwa ni tuta: walilundika udongo pande nne na maji yakazuiwa juu ya ardhi. Uwanda ule unateremka kidogo sana, kutoka Phnom Kulen mpaka ziwa la Tonle Sap. Kulisha ziwa la namna hiyo kwa mifereji kwenye mteremko usioonekana kwa macho, bila teodoliti, kile chombo chetu cha kupimia pembe, ni kazi ambayo ningemvulia kofia aliyeipima. Na bado lina maji mpaka leo. Mfumo huo huo ndio ulioumia katika karne za 14 na 15, ukame wa miaka mingi ulipofuatwa na mvua kali zilizobomoa mifereji. Makala yenu ilitaja vita tu.

Ule mji wa mbao ulionekanaje tena? Mwaka 2012 helikopta ilipita juu ya msitu ikipima ardhi kwa mionzi ya leza. Miti ilipoondolewa kwenye ramani, zikabaki barabara, madimbwi na vituta vilivyobeba nyumba, hata kule mlimani Mahendraparvata. Wataalamu sasa wanakadiria kwamba Angkor na viunga vyake vilikuwa na watu kati ya 700,000 na 900,000. Yote hayo yamesomwa kwenye udongo.

Kiongozi wa timu yetu, Papa mmoja, mzee mzaliwa wa Kamina, alitufundisha jambo hilo hilo bila helikopta. Tukiwa porini kiangazi, majani yameungua, alikuwa anatuonyesha miembe iliyopangana, ardhi iliyoinuka kidogo ambayo si kichuguu, nyasi za rangi nyingine. Hapa palikuwa kijiji, anasema, na njia yao ilipita pale. Tukichimba kuweka alama ya mpaka, vigae vya vyungu vinatoka.

Udongo wetu nao umekwisha kusomwa: Ziwa Kisale, katika nchi ya Waluba, linajulikana. Makaburi ya Sanga, yaliyofukuliwa kuanzia mwaka 1957, yalitoa vyungu, pembe za ndovu na mapambo ya shaba ya watu walioishi wakati ule ule Wakhmer walipokuwa wanajenga. Bunkeya ya mfalme Msiri, hapa Katanga, ilikuwa mji mkubwa wa nyasi na biashara ya shaba. Alipouawa Desemba 1891 watu wakatawanyika, na bado Mwami, mtawala wa kimila, yuko pale.

Ombi langu ni hili. Toeni ukurasa mwingine wenye ukubwa ule ule kuhusu Kisale na vitenta, mkiambatanisha ramani. Na wasomaji wa Kikondja, Malemba-Nkulu na Kabongo wanaojua mahali kitenta kiliposimama wawaandikie sasa, wakati wazee wanaopakumbuka wangalipo. Kama ramani itahitaji mtu wa kuichora, anwani yangu mnayo.

Jeometre mstaafu,
Katuba, Lubumbashi