Wagonjwa wa jongo wapimwe macho, na vidonge vyao vitazamwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wazee wa Pemba hulijadili sana barazani lakini, kwa maoni yangu, tunalishika kwa upande usio wake: kwamba jongo likikaa mwilini muda mrefu hupanda machoni likampofua mtu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mkoani, na jongo ninalo tangu sijaacha kazi. Macho yangu nayo yaliharibika, ila kilichoyaharibu hakikuwa jongo lenyewe bali vidonge nilivyokuwa nikivimeza kwa ajili yake.

Jongo hutokana na asidi ya yuriki kuzidi katika damu. Ikipita kiasi cha miligramu 6.8 hivi kwa desilita, huweza kuganda ikawa chembe zenye ncha kama sindano, ambazo hutua kwenye viungo, aghalabu kwenye kidole gumba cha mguu, na hapo mtu huamka usiku wa manane asiweze kuvumilia hata shuka kumgusa. Ni kweli kwamba madaktari wamewahi kuzikuta chembe hizo kwenye kope na hata kwenye kioo cha mbele cha jicho, lakini hayo ni mambo ya nadra. Nadhani tunachanganya maradhi mawili kwa sababu yote tunayaita baridi yabisi: lipo jongo, na yapo yale maradhi ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo, na haya ya pili ndiyo yanayojulikana kwa kukausha macho na kuyatia wekundu wenye maumivu. Mzee mwenye viungo vilivyovimba na jicho jekundu linalouma asijiambie tu kwamba ni jongo. Aende akapimwe upesi.

Sisemi kwamba hakuna uhusiano wowote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018, uliotumia kumbukumbu za bima ya afya ya watu wenye miaka 65 na zaidi, uliona kwamba wenye jongo walikuwa na uwezekano wa juu kwa karibu asilimia 39 wa kupata maradhi ya uzeeni yanayoharibu sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga; sehemu hiyo ndiyo tunayoitumia kusomea na kutambulia nyuso. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kimoja ndicho kilicholeta kingine, lakini unatosha kumfanya mgonjwa wa jongo asipuuze pale mistari iliyonyooka inapoanza kuonekana imepinda. Isitoshe, jongo ni nadra kuja peke yake: huandamana na presha, kisukari na figo dhaifu, na presha na kisukari huharibu mishipa midogo ya retina bila ya mtu kuhisi chochote mpaka uoni umekwisha kupungua.

Sasa nirudi kwenye vidonge. Kwa miaka minne, kila mguu ulipovimba, nilikwenda duka la dawa nikaomba "vile vidogo vya mifupa", nikapewa vichache ndani ya kibahasha cha karatasi kisicho na jina, na kwa kweli maumivu yaliondoka siku ile ile. Nilivisifu mbele ya kila mtu, na nina hakika wapo niliowatia katika mtego huo huo. Nilipoanza kushindwa kusoma gazeti hili, na mwanga wa jua juu ya maji ya bandari ukawa unanipofusha mchana kweupe, mwanangu alinipeleka kwa daktari wa macho, ambaye kabla ya kunitazama aliniuliza ninatumia dawa gani. Vilikuwa prednisoloni, mojawapo ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho anayeanzia nyuma ya lenzi, ambaye humsumbua mtu hasa kwenye mwanga mkali na katika kusoma. Huweza pia kupandisha presha ya ndani ya jicho, nayo haina maumivu, huila neva ya kuonea taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji. Neva haina upasuaji wa kuirudisha. Na kwa kuwa steroidi hupandisha sukari vilevile, mwenye kisukari huumizwa mara mbili.

Naomba nisieleweke vibaya. Steroidi kwa siku chache, kwa maelekezo ya daktari, ni tiba halali ya jongo linapowaka, hasa kwa mwenye figo zisizostahimili dawa nyingine za maumivu. Wala asitokee mtu akasoma barua hii akavitupa vidonge alivyovizoea, maana kuacha ghafla baada ya kutumia muda mrefu ni hatari kubwa. Avipeleke hospitali apunguziwe kidogo kidogo. Ninacholalamikia ni kibahasha kisicho na jina. Jongo lina dawa ya kushusha asidi yenyewe, alopurinoli, ambayo huanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa mpaka asidi iwe chini ya miligramu 6, na mgonjwa akiendelea nayo mashambulizi hupungua, haja ya steroidi nayo ikaondoka. Nayo ina sharti lake: akitokwa na vipele, vidonda vya mdomo au macho kuwasha na kuwa mekundu katika wiki za mwanzo, aiache na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani mzio wake, ingawa ni wa nadra, huweza kuchubua ngozi na kuacha makovu machoni.

(Kuhusu chakula, wenzangu wamejinyima kunde na mbaazi bila ya sababu kubwa. Vinavyopandisha asidi zaidi ni maini, nyama nyekundu, dagaa na soda za sukari.)

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Hapa Zanzibar wazee wa miaka 70 na zaidi wanalipwa na Serikali pencheni jamii tangu Aprili 2016, kwa hiyo shehia, yaani serikali zetu za mitaa na vijiji, zinawajua ni nani na wanaishi wapi. Basi muuguzi wa macho apangiwe siku ya kupita kila shehia, awapime uoni na presha ya jicho, na kila mzee aambiwe aje na dawa zake zote, pamoja na zile za kwenye kibahasha. Na maduka ya dawa yaandike jina la dawa juu ya karatasi, kwa Kiswahili kinachosomeka, hata kama ni vidonge vitano tu.

Jicho langu la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. La kushoto, ambalo presha yake ilichelewa kugunduliwa, ninalitilia matone kila usiku.

Mwalimu mstaafu,
Mkoani, Pemba