Malalamiko: Pete ya fimbo niliyolipia haikubadilishwa, na fimbo imevunjika kwenye alama ya kisu cha fundi wenu

Watamu,
Kaunti ya Kilifi.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Duka na Karakana ya Vifaa vya Uvuvi,
Mombasa.

Kwa Bw./Bi.,

KUH: UKARABATI MBOVU WA PETE YA FIMBO YA KUVULIA

Nawaandikia kulalamikia kazi ya karakana yenu na, zaidi ya hapo, jibu nililopewa nilipopiga simu: kwamba samaki alikuwa mkubwa kuliko fimbo. Sikubaliani na jibu hilo, na sababu zangu ni hizi.

Fimbo niliyowaletea ni ya kaboni, ya kurambazia, yaani kuvulia huku boti inatembea, ya mshipi wa paundi 30, kipande kimoja kisicho na kiungo. Ilikuwa na hitilafu moja tu. Pete ya pili kutoka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ilikuwa imepata ufa (pete ni kiduara kinachopitisha mshipi kwenye fimbo) katika ile duara ya kauri ya ndani, na fremu yake ya chuma imeanza kula kutu mguuni. Nilimwonyesha kijana wa kaunta ufa huo kwa ncha ya kalamu. Akaandika kwenye risiti, na risiti ninayo: "pete mpya, uzi, epoksi", yaani uzi wa kuifungia pete kwenye fimbo na gundi ngumu ya kuufunika. Nikalipa shilingi 2,800 kwa M-Pesa bila kuomba punguzo, maana kazi ya mikono ina bei yake.

Mnajua msimu wa sulisuli, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, kwetu ni kaskazi, Novemba hadi Machi, na mwenye boti anayekodisha kwa wageni hutegemea miezi hiyo kulipia mafuta ya mwaka mzima. Fimbo ilirudi iking'aa. Siku samaki aliposhika, mgeni wangu hakuwa hata ameigusa. Ilikuwa imesimama kwenye kishikio chake ukingoni mwa boti. Sulisuli aliondoka na mshipi, akaruka mara mbili, kisha tukasikia mlio mkavu. Fimbo imekatika juu ya rili, pale pale penye pete yenu. Mshipi ukajisugua kwenye kaboni iliyochanika, nao ukakatika.

Hapo ndipo panaponiuma kuliko hela. Sisi huku sulisuli hatumli. Tunamtia kialama cha African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia samaki hao, tunamwachilia aende zake. Huyu ameondoka na chambo mdomoni na mshipi mrefu ukimfuata nyuma, kwa sababu ya kazi ambayo fundi aliyetulia angeimaliza vizuri.

Nilipofika ufukweni nilichukua wembe nikaufungua uzi wenu. Chini ya epoksi ile nzuri nilikuta pete yangu ya zamani. Si inayofanana nayo, ni ile ile: kutu ile mguuni, na ufa ule ule kwenye kauri, umezibwa kwa supagluu iliyokwisha kuwa nyeupe. Nilipitisha soksi ya nailoni ya mke wangu ndani ya duara, nyuzi zikanasa papo hapo. Kila mvuvi wa fimbo anakijua kipimo hicho. Soksi ikinasa, mshipi nao unalika kidogo kidogo kila unapopita. Karakana inayouza pete haina hata soksi moja?

Lakini pete mbovu peke yake haivunji fimbo. Kilichoivunja ni kisu. Kwenye ufito, yaani mwili wenyewe wa fimbo, chini ya mahali uzi ulipoanzia, kuna mkato mwembamba uliozunguka karibu nusu ya fimbo. Fundi aliuondoa uzi wa zamani kwa kukata kuizunguka fimbo, na kisu kikapita hadi kwenye nyuzi za kaboni. Uzi hukatwa kwa urefu, juu ya mguu wa chuma wa pete, ili wembe ukipenya ugonge chuma, usiguse ufito. Kisha epoksi inapashwa moto kidogo ilegee, uzi unabanduliwa kwa kucha. Nyuzi za kaboni zikishakatwa hazishiki tena, hata ukizipaka epoksi debe zima. Mnakuwa mmefunika jeraha tu ili mteja asilione.

Sasa nije kwenye hoja yenu ya samaki mkubwa. Breki ya rili yangu nilikuwa nimeipima kwa mizani ya samaki kabla ya kutoka: theluthi moja ya nguvu ya mshipi, yaani kilo nne na nusu hivi. Samaki akivuta zaidi ya hapo, mshipi unatoka, fimbo haibebi zaidi. Pili, fimbo inayovunjwa na mvuvi kwa kuiinua kupita kiasi hukatika juu, karibu na ncha, kwenye wembamba. Hii imekatika chini, kwenye unene. Tatu, utazameni mvunjiko wenyewe. Upande mmoja ni laini, umenyooka kufuata mkato wa kisu. Upande wa pili ndio uliochanika vipande vipande. Ufa ulianzia kwenye kisu, ukamalizikia kwenye samaki. Haya yote mngeyaona kama mngeomba kuiona fimbo, lakini aliyenijibu hakuiomba. Alinihukumu kwa simu.

Na kama hamkuwa na pete ya saizi ile, mngesema. Pete ya miguu miwili ya chuma kisichoshika kutu, yenye kimo na upana sawa na ya zamani, haipatikani kila siku Mombasa, nalielewa hilo. Ningesubiri iagizwe. Ningeridhika hata na kurudishiwa fimbo bila kuguswa, nikafunga pete hiyo nyumbani: miguu inachongwa kwa tupa iwe myembamba ncha zake, uzi unaanzia kwenye ufito na kupanda juu ya mguu bila kuacha nafasi, epoksi inachanganywa nusu kwa nusu, fimbo inazungushwa polepole saa kadhaa ili isitiririkie upande mmoja, kisha inalazwa hadi kesho yake. Ni kazi ya subira, haihitaji mtambo wa ajabu. Kutoza bei ya pete mpya na kurudisha ya zamani ni jambo jingine kabisa, na nyinyi wafanyabiashara mnalijua jina lake.

Ninachodai ni fimbo nyingine ya daraja lile lile, kwa kuwa ya kipande kimoja haiungiki. Shilingi 2,800 zangu za ukarabati. Na shilingi 15,000 nilizomrudishia mgeni baada ya kukatisha safari. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na ya kulipwa fidia anapopata hasara kwa kasoro ya bidhaa au huduma. Nimeambatisha nakala ya risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha ya pete niliyoipiga kabla ya kuwaletea, na picha za mvunjiko na mkato kwa karibu.

Vipande vya fimbo na pete yenyewe navihifadhi mimi. Mkitaka kuvikagua, mtumeni fundi wenu mkuu Watamu, au niambieni siku nije navyo Mombasa, tuvitazame pamoja na huyo aliyeshika kisu. Vipande sivitumi kwa basi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Dai langu ni dogo sana kwa kiwango hicho.

Wenu,

Nahodha na mwenye boti,
Watamu.